Mia Tisa na Transfoma Yake

"Mimi sikuolewa na mwanaume, niliolewa na fyuzi," alisema mkewe, ufagio mkononi. "Tangu Jumatatu umeshazika sita. Zingekuwa na makaburi, leo tusingekuwa na pa kuanika nguo."

Mia Tisa alikuwa ameinamia amplifaya yake mezani, mkono mmoja unafanya kazi, wa pili umo mfukoni. Wateja wakimwona hivyo husema anaringa. Wapi. Amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, inabeba umeme wa kuangusha ng'ombe, na mkono ulioko mfukoni hauwezi kuupa njia ya kwenda moyoni.

"Si uweke waya mnene kama wanaume wenzako, yaishe?"

"Nikiweka waya mnene, fyuzi haitakatika, mke wangu. Itaungua transfoma."

Sasa hiyo transfoma, ndugu yangu, usiione vile. Kazi ya bwana huyu ni kusuka mota zilizoungua, na hii aliisuka kwa mkono miezi mitatu, waya mwembamba kama unywele, akihesabu mizunguko mmoja mmoja. Ilikuwa marufuku kumsemesha. Jirani alipita dirishani akamwambia "Hujambo?" naye akajibu, "Mia tisa na nne." Jina likamganda hapo hapo. Mara mbili alipoteza hesabu akafumua yote. Mara ya kwanza mkewe alikuja kumwambia chakula kinapoa. Mara ya pili, kwamba kimeshapoa.

Na siku hiyo, Jumamosi, shemeji yake alikuwa anakuja. Huyu ni kaka mkubwa wa mke, mwenye redio ya dukani yenye taa za rangi, ambaye alikuwa ameutangazia ukoo mzima kwamba dada yake anaishi na mtu anayetengeneza jiko la umeme linaloimba. Mke alikuwa amecheka naye mara mbili tatu. Baadaye kicheko kilimwisha.

Mia Tisa akachomeka fyuzi ya saba, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, akaiwasha amplifaya ipate moto, akaenda kuoga.

Alipotoka, shemeji alishajaa kwenye kiti na santuri inazunguka. Sauti ilitoka nene, laini, kama mtu amekaa ndani ya sanduku. Robo saa ikapita, fyuzi kimya. Shemeji aliyekuja na vichekesho vyake mfukoni akaanza kugonga sakafu kwa kisigino.

"Shemeji, nimekosa," akasema. "Hili si jiko."

"Fyuzi ya saba ina adabu," Mia Tisa akasema, kifua mbele. Mkewe alikuwa anatabasamu, lakini anautabasamia ukuta.

Ndipo pua ya Mia Tisa ikashtuka. Vanishi, ile rangi inayopakwa waya wa transfoma, inaungua. Harufu hiyo msuka mota anaijua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Akaruka, akachomoa waya ukutani, mwimbaji akakatwa neno mdomoni.

"Mbona unatukatia utamu?" shemeji akauliza.

Mia Tisa aliigusa transfoma: moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, ila haijawa nyeusi. Dakika tano zaidi na miezi mitatu ingekuwa moshi. Akafungua mahali pa fyuzi. Humo, badala ya fyuzi, mlikuwa na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya majani ya chai, isiyokatika kama ule waya mnene, imekunjwa vizuri, mara nne, kwa mkono wa mtu msafi.

Akaichomoa, akarudisha mkono mmoja mfukoni, akachungulia upande wa pili wa amplifaya. Kapasita moja, kile kikopo cha kutunza umeme, ilikuwa imevimba tumbo. Kumbe fyuzi sita zilikuwa zinamwambia jambo moja wiki nzima, na yeye fundi mzima anazika mashahidi bila kuwauliza kilichowaua.

"Ilikatika ulipokuwa bafuni," mkewe akasema taratibu. "Na kaka yuko mlangoni. Nilitaka akusikie, hata mara moja tu. Nimechoka kuchekwa kwa ajili yako."

"Umetaka kuniulia transfoma."

"Haijafa. Umeinusa, ukaruka kama swala." Akaweka ufagio chini. "Basi nijibu na hili, mbele ya kaka yangu. Mimi naungua humu ndani mwaka wa kumi na tisa. Hiyo pua yako siku zote inakuwa wapi?"

Shemeji akagundua kwamba dari ina mengi ya kutazamwa.

Mia Tisa akaangalia ile karatasi kiganjani, akaikunja tena palepale ilipokunjwa, akaitia mfuko wa shati, shahidi ambaye safari hii hakumzika. Akavaa viatu, akafunga kamba kwa utulivu wa mtu anayehesabu, akatoka kwenda dukani kununua kapasita na fyuzi.