Muhali Mbele ya Hakimu

Nimeandika makala nyingi kuhusu aibu za watu wengine, na baadhi mmezisifu, kwa hiyo ni haki leo nikae mimi pale nilipozoea kuwakalisha wenzangu. Hadi leo kuna vichochoro vya Kiponda sipiti. Si kwamba vina matope, vina watu, na watu wenyewe walikuwepo mahakamani siku ile, tena niliwaalika mimi, kwa mdomo wangu, nikawaambia wavae vizuri.

Dada yangu Zuhura ni mpambaji wa maharusi. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini, katika sehemu ya nyumba tuliyoachiwa na wazee wetu, na wasichana walikuwa wakiletwa kutoka Nungwi mpaka Makunduchi waje wasingwe mwili, wachorwe hina na piko na wafukizwe udi hapo. Ghorofa ya juu ni mali ya jirani yetu Mzee Khatibu, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye siku moja aliona inafaa kuweka tangi kubwa la maji juu ya boriti zilizowekwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Tangi likapasuka. Dari la dada likaja chini lote, boriti, mawe na chokaa, likatua juu ya kitanda cha maharusi, na tunamshukuru Mungu kwamba siku hiyo hapakuwa na biharusi.

Zuhura, akiwa bado ana vumbi la chokaa kwenye nyusi, alisema, "Kesho nnakwenda kwa wakili."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. (Nimesoma chuo kikuu, fasihi na historia, jengo la sheria nilikuwa nikipita mlangoni kwake nikienda kula.) Nikamwambia, "Wakili wa nini, dada? Khatibu ni jirani. Mwache kwanza, na akikaidi tutamshitaki wakati wowote. Madai hayaozi kama samaki wa Darajani." Sentensi ile niliipenda sana, nikaenda kuirudia barazani kwetu, na wenzangu wakatikisa vichwa, na mimi nikirudi nyumbani nilikuwa natembea kama jaji.

Basi tukamsubiri Khatibu, naye akaahidi, "Nitatengeneza, jirani, vuta subira kidogo." Mara akafiwa na mama yake, na mtu aliyefiwa humtajii dari, unasubiri arubaini ipite. Arubaini ikapita ikaingia Ramadhani, na kila magharibi, tukifuturu kwa dada, inakuja sahani ya tambi kutoka juu, na wewe utaanzaje kumdai mtu na tambi zake ziko mdomoni mwako? Ramadhani ikaisha akamwoza binti yake, na mpambaji alikuwa nani kama si dada yangu, aliyempamba bibi harusi katika chumba cha kuazima kwa sababu chumba chake kimebomolewa na baba wa bibi harusi! Halafu akaenda Hijja, na alipotoka Hijja alituletea tende na maji ya zamzam. Nikamuuliza dada, "Utamshitaki vipi mtu aliyekuletea zamzam?" Dada akajitwika sanduku lake la hina, akatoka. Alikuwa ameanza kuwapoteza wateja, maana hakuna mama anayetaka mwanawe apambwe leo kwa shangazi, kesho kwa jirani, na sanduku la hina linabebwa kama la mganga. Mimi niliiona hali hiyo, lakini ilikuwa muhali. Asiyekulia kwetu hatonielewa: muhali ni ule uzito unaokukaa kooni ukitaka kumwambia mtu wa karibu neno la haki, ukaona haya wewe, wakati mwenye kosa ni yeye.

Miaka ikaenda hivyo. Kilichomtoa dada katika subira ni mafundi. Walikuja kweli, lakini walipanda juu, wakamtandikia Khatibu marumaru mpya, na Zuhura akawa anawasikia wakigonga kutwa huku yeye, chini, akiinua kichwa anaona mabati yaliyoziba tundu la dari. Akanifuata, hakupiga kelele hata kidogo (na hilo lilinitisha zaidi). "Sasa utanishitakia," alisema, "au nitafute mwenye ubavu?"

Mtu mwenye akili angempeleka kwa wakili hata saa ile. Mimi nikaomba anipe uwakala nimsimamie mwenyewe, nikaandika hati ya madai kwa mkono wangu, na wallahi ilikuwa nzuri: ilianza na sifa za boriti za kale, ikapita katika haki za jirani, ikamalizia na machozi ya mwanamke anayekula kwa jasho lake. Tarehe ya dari kuanguka sikuiweka. Niliijaribu mahali kadhaa nikaona inaharibu mtiririko wa aya.

Siku ya kesi baraza lote lilihamia mahakamani, limevaa kanzu zilizopigwa pasi, likakaa nyuma kama limekuja kwenye maulidi. Mbele yao alikaa rafiki yangu Makame, fundi saa mstaafu, ambaye masikio yamepungua nguvu na sauti imeongezeka. Mlangoni nikakutana na wakili wa Khatibu, msichana wa mtaani kwetu, Salma, niliyemfundisha insha tuisheni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Usiogope leo, nitakwenda na wewe taratibu."

Akanifungulia mlango nipite.

Tulipoingia sikupata hata nafasi ya kusoma aya yangu ya kwanza. Salma alisimama akasema ana pingamizi la awali, yaani jambo la kuamuliwa kabla kesi haijaanza: kwamba sheria imeweka muda wa kufungua madai, kila aina ya madai na muda wake, na haya yetu yamekuja muda ukiwa umeshakwisha. Halafu akaongeza kwa adabu, "Mheshimiwa, hati ya madai imeandikwa kwa lugha nzuri sana, lakini haisemi dari lilianguka lini."

Hakimu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani puani, akaipekua hati yangu mbele na nyuma. "Lilianguka lini, bwana?"

Nikaliweka koti langu sawa. "Si zamani sana, Mheshimiwa."

Makame, Mungu ampe umri mrefu, alidhani nimesahau na ninahitaji msaada. Akasimama. "Aa, yakhe, umesahau? Dari lilianguka mjukuu wangu yumo tumboni mwa mamake! Na leo ndiye anayenisomea meseji za simu!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hakimu akagonga meza na kumwamuru Makame akae, naye akakaa huku akinionesha kidole gumba, amefurahi kwamba amenisaidia.

Kicheko kilipotulia, hakimu akaniuliza kama kipo kitu chochote kinachotambuliwa na sheria kilichomzuia dada yangu kuja mapema: alikuwa mtoto, alikuwa hana akili timamu, alifichwa ukweli? (Dada alinitazama kama mtu anayefikiri hilo la akili timamu lingeweza kunifaa mimi.) Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, na sijui kwa nini sikuitumia.

"Mheshimiwa, ilikuwa muhali."

"Muhali?"

"Alifiwa. Halafu ikawa Ramadhani. Halafu akaoza binti. Halafu akatuletea zamzam."

Safari hii hata karani alicheka, na aliinamisha kichwa chini ya meza kwa heshima. Hakimu hakucheka. Alisema kwa upole (na ningependa angenikaripia) kwamba muhali anaujua, naye amekulia mjini humu, lakini sheria haiujui. Mazungumzo ya ujirani na ahadi za mdomoni hazikuusimamisha muda, muda ulikuwa unakwenda siku zote tulizokuwa tunakula tambi. Kama mngekuja mapema, alisema, hata huku mkiendelea kuzungumza, ningewasikiliza. Madai yakatupwa. Aya zangu zikarudi kwenye jalada, hazikusomwa hata moja.

Zuhura hakulia. Aliinama akakusanya buibui lake, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe yanaoza."

Nilidhani aibu imeishia hapo. Nje, kwenye ngazi, na baraza lote likitutazama, Mzee Khatibu akanifuata, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa ile sauti yake, "Jirani, tusiwekeane mafundo. Dari nitalitengeneza, nipe muda kidogo tu."

Nami, naapa sikupanga, ulimi ulikwenda wenyewe: "Hapana tabu, jirani. Wakati wowote."

Baraza zima likainamia viatu vyake. Makame peke yake, aliyekuwa hakusikia, alinipungia mkono. Zuhura akashuka ngazi, akaenda zake peke yake.

Kesho yake asubuhi alikuja nyumbani kwangu na kitanda cha maharusi, sanduku la hina na chetezo cha udi. Hakuomba ruhusa. Alipanda moja kwa moja mpaka chumba changu cha kuandikia, ghorofani, chumba chenye mwanga kuliko vyote, akatoa vitabu vyangu ukumbini, akatandika. "Nilikuwa na chumba," alisema. "Wewe umekisubirisha mpaka kimekufa. Sasa nnafanya kazi hapa." Sikuwa na pingamizi, la awali wala la mwisho.

Nimeapa tangu siku hiyo: mtu akiniambia ameharibiwa kitu na jirani, simwambii neno la busara hata moja. Namuuliza lilitokea lini, namshika mkono, nampeleka kwa wakili, na sahani ya tambi ikija njiani, tunaipokea na tunaendelea na safari. Haya yote nayaandikia kwenye ngazi za nyumba yangu, daftari juu ya magoti, kanzu inanuka udi, na kila baada ya mistari miwili inanibidi nisimame, maana kuna mtu juu anasema, "Mjomba, tupishe, bibi harusi anashuka."