Betri Zilizoanikwa

Umeme umekatika mtaani kwetu Yeoville, na fundi cherehani wetu Mkongomani ametoa pasi ya mkaa. Ameisahau juu ya kitambaa, kikaungua kidogo.

"Eish, pardon, mama," ananiambia. Mimi nimeshafika mbali, utotoni.

Ni Jumapili moja ya miaka ya sitini. Tumeanika betri za redio juani zipate nguvu, maana baba, aliye kazini ng'ambo ya ziwa, ameahidi kututumia salamu hewani. Mama anapiga pasi kitenge chake. Betri zimerudishwa redioni; rumba inaisha taratibu, majina yanaanza kusomwa, sauti inafifia, inafifia, kisha kimya.

"Ametusalimia," mama anasema. "Nimemsikia."

Mimi sijasikia kitu. Nanusa tu: pasi imesimama palepale, na kitenge kinaungua.