Siagi Niliyompaka Mdogo Wangu

Nimekosa, na halikuwa kosa la bahati mbaya. Niliharibu uso wa mdogo wangu nikijua ninachofanya. Jina sitaji. Hapa Mushaki, kijijini kwetu milimani, watu wanajuana mpaka ng'ombe zao.

Mdogo wangu, nimwite Riziki, alikuwa na makovu ya chunusi mashavuni. Alipochumbiwa nilimsindikiza Goma, daktari akamchubua uso kwa dawa. Akapata ngozi mpya, laini kama ya mtoto mchanga. Daktari alisema mbele yangu: kofia na krimu ya kuzuia jua kila siku mpaka ngozi ikomae, hata kukiwa na ukungu, maana jua linapita.

Nilisikia vizuri sana.

Mimi ndiye mkubwa. Kwetu mkubwa huolewa kwanza, na mimi nilikuwa bado nakamua ng'ombe za baba. Wivu ulinikaba. Nilitaka wakwe waje wakute uso mbaya, warudi kwao.

Asubuhi moja nikaificha krimu. Riziki akalalamika.

"Dada, daktari alikataza jua."

"Jua gani? Na hii baridi? Jua iko Goma. Kuya nikupakae siagi, njo inang'arishaka sura ya bibi arusi."

Aliniamini, kwa sababu kweli maharusi wetu hupakwa siagi ya ng'ombe. Nikampaka vizuri, nikamtuma akauze jibini kando ya barabara ya Sake, kichwa wazi, mpaka jioni. Kesho yake tena.

"Dada, mbona inawaka?"

"Inawaka juu dawa inafanya kazi."

Mashavu yakafanya mabaka meusi, mabaya kuliko yale makovu. Wakwe walipokuja, shangazi wa mchumba alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga kama mtu anayekagua ndama.

"Huyu mutoto iko na ugonjwa," akasema.

Wakaondoka bila kugusa maziwa tuliyowapa. Kwetu hilo ni tusi kubwa, na uchumba huishia hapo. Riziki alilia mpaka akatapika, na mimi, Mungu anisamehe, jioni ile nilikamua nikiimba.

Baadaye wakaja watu wa kijiji cha Bihambwe kuniposa mimi. Mama wa kijana aliyenitaka aliuliza kitu kimoja tu: "Ile ugonjwa ya sura, iko mu famille yenu?"

Ningesema ukweli, kwamba ni mimi niliyemharibu, ningejimaliza mwenyewe. Nikainuka kuwamiminia maziwa. Na wao wakaacha maziwa yamejaa kwenye vikombe, na tangu hapo hakuna mwingine aliyekuja.

Riziki haendi tena kanisani. Kila asubuhi anakaa kwenye kigoda, anafumba macho, ananipa ule uso. "Nipakae, dada. Wengine bananiogopaka." Sasa nampaka krimu yenyewe, lakini mabaka yamegoma kutoka.

Wewe uliyetibiwa makovu, usidanganywe na baridi ya milima yetu. Vaa kofia, paka krimu, hata siku usiyoliona jua. Na mtu akikupaka usoni, usifumbe macho. Mtazame, hata kama ni dada yako.