Elfu Moja ya Kurudia Mpira

Ijumaa. Mwezi wa saba tangu nitoke nyumbani, Butere.

Leo nimefukuzwa kwa kukataa hongo.

Nilikuwa nambebea tajiri mmoja begi la gofu, kwenye mashindano ya kuchangia watoto wagonjwa. Akapiga mpira majini. Akanipa elfu moja.

"Mpe yule mama wa mezani, nirudie."

Hongo mchana kweupe? Nikamrudishia. "Mzee, mimi situmwi hivyo."

Mama wa mezani alisikia, akacheka hadi akashika meza. "Wewe! Hapa ukikosea unalipa, unapiga tena. Ndiyo pesa ya watoto!"

Tajiri hakucheka. Akachukua mbebaji mwingine, nikaondoka bila malipo ya siku.

Lakini niambie, mbona sanduku la pesa za watoto, pale mezani, halina kufuli?

Mke wangu, nauli ya kuja nyumbani kesho imeenda. Nitegemee mwisho wa mwezi.