Kamera ya Mtu Asiyelowa

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana yaliyonipata hayakuwa ndoto. Yalinipata mchana, hapahapa Kakamega, macho yangu yakiwa wazi.

Mimi ni mpiga picha za harusi. Kamera yangu ya kwanza iliingia maji ya mvua kule Shianda, bibi harusi akiwa bado mlangoni mwa kanisa, na kazi ikaishia hapo. Nikaanza kutafuta zile kubwa za zamani, zilizozibwa kwa mpira kila kiungo ili maji yasipenye. Mtu akanipigia simu kwamba anayo ya mtumba, tukutane Amalemba. "Kuja mvua ikianza," akasema. Nilidhani anataka niijaribu. Wewe ungedhani nini?

Alikuwa mzee mpole, shati la kijivu. Mvua ya alasiri ilipoanza, akanikabidhi kamera. "Piga tu. Hii hainanga shida na maji."

Nikapiga mabati, nikapiga mtaro uliofurika, nikampiga na yeye. Picha safi. Nilipoinua macho ndipo nikaona: mimi nimelowa chapachapa, yeye shati kavu. Niamini, nilimgusa bega. Lilikuwa na joto kama nguo iliyoanuliwa juani.

"Mzee, mbona wewe hulowi?"

"Mvua hainishikangi, kijana. Chukua kamera yako uende nyumbani. Usinifuate."

Nikamlipa, akaondoka. Ningeenda nyumbani kweli, lakini nyayo zake zilibaki kavu juu ya lami, na mvua inapiga. Nani angeziacha? Nikazifuata hadi njia ya udongo kati ya mahindi, na hapo katikati zikaisha. Mtu hakuna. Nikaukanyaga unyayo wa mwisho kwa mguu wa kulia. Vuguvugu likapanda hadi gotini, kelele zote za mvua zikanyamaza. Nikautoa mguu, nikatimua mbio.

Kamera ni nzima mpaka leo. Ila mguu ule haushiki maji; yanateleza kama juu ya jani la nduma. Mke wangu, Khasandi, aliusugua kwa beseni zima la maji ya sabuni, ukatoka mkavu.

"Baba Imali," akaniuliza taratibu, "hii kitu itaishia hapo kwa goti?"

Basi wewe unayenunua vya watu, kagua kitu, kisha mkague na anayekuuzia. Akikukataza kumfuata, geuka uende zako, hata kama moyo unawasha kujua.

Jana nikioga, matone yaliteleza kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Khasandi bado sijamwambia.