Mzee Niliyempeleka kwa Profesa

Mwanangu, kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kama ya jana: ile niliyompeleka mzee kwa profesa wangu aniombee msamaha.

Nilikuwa msichana wa Wabera, mtaa wa mji wa Isiolo, nimeenda Ujerumani kusomea uhandisi wa maji. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa hesabu mara mbili. Chuoni kwetu mtihani ule ulikuwa na nafasi tatu tu. Ukianguka ya tatu, kozi imekwisha, na vyuo vingine vya nchi ile havikupokei kwa kozi hiyo. Ningerudi Isiolo mikono mitupu, na baba alikuwa ameshawaambia watu wote msikitini kwamba binti yake ni injinia.

Huko, mwanangu, hakuna mwalimu anayekufuatilia. Hakuna anayeita majina, na muhula mzima unaamuliwa siku moja. Profesa alikuwa akinipita kwenye korido bila salamu, nami nikaamini amenikasirikia. Sasa wewe unajua kwetu: ukimkosea mkubwa huendi peke yako. Unatafuta mtu mzima mwenye maneno mazuri atangulie, wewe unakaa nyuma ukiangalia chini. Nikamwendea Mzee Mwiti, mpishi wa hospitali, Mkenya aliyekaa mji ule miaka mingi kuliko sisi wote.

"Yaani Waborana wameishiwa wazee mpaka mje kwa Mmeru?" alinicheka. Lakini alivaa koti lake la kanisani, tukaenda.

Tuliingia bila miadi. Mzee akaanza na hali ya hewa, akaulizia familia, akashukuru kwa elimu, ndipo akafika kwangu. "Huyu mtoto amekosa. Tunaomba umsamehe."

Profesa alivua miwani. "Amekosa nini?"

"Mtihani."

"Lakini hakunikosea mimi." Akanigeukia. "Karatasi yako umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Baada ya kila mtihani hubandikwa tangazo la siku ya wanafunzi kutazama karatasi zilizosahihishwa, kuuliza, hata kupinga alama. Nilikuwa nimelisoma mara zote mbili, nikapita. Nilivyolelewa, kudai kuona alivyosahihisha mwalimu ni kumwita mwongo mbele ya watu.

"Njoo Alhamisi, saa ya maswali," alisema. "Peke yako." Kisha akampa Mzee Mwiti mkono. "Bwana, miaka yote hii hakuna aliyeniomba jambo kwa heshima namna hii."

Huko nje mzee akaniambia, "Mimi nimemaliza. Alhamisi utaongea mwenyewe, na usimwangalie viatu."

Alhamisi profesa aliitandaza karatasi mezani. Majibu yangu mengi yalikuwa sahihi, ila sikuonyesha nilivyoyapata. "Hapa ulifikaje?" aliuliza. Akasubiri. Hakunikemea wala hakunisaidia, alisubiri tu, mpaka nikasema, "Hapa nilikariri, sielewi."

"Haya," akasema, akavuta kiti, "tuanzie hapo."

Nilirudi kila Alhamisi muhula ule wote, na mara ya tatu nilipita. Mpaka leo nawastahi watu wale. Ukali wao ni wa kweli, lakini yule mkubwa alikubali mwanafunzi amuulize sababu ya kila alama, na hakuona amevunjiwa heshima.

Kwa hiyo, mwanangu, heshima ya kwetu nenda nayo huko Ujerumani, usiiache hapa. Ila ujue huko swali ni sehemu ya heshima. Soma matangazo. Jiandikishe mwenyewe kwa kila mtihani, maana hakuna atakayekukumbusha. Omba miadi, fika kabla ya saa. Ukianguka, usijifiche chumbani ukihesabu nani anakuchukia. Nenda ukaitazame karatasi, uulize mpaka uelewe. Na usipoelewa, sema hujaelewa.

Mwenyezi Mungu akupe baridi unayoiweza, walimu wenye subira na ulimi usioogopa. Nenda salama, usome, uturudie ukiwa mzima.