Siku Baba Alipobeba Mbuzi ya Nazi

Kila nisikiapo nazi inakunwa, ule mkwaruzo wake wa taratibu, mimi hurudi uani kwetu, kijijini Wambaa, msimu mmoja wa karafuu ambao ami yangu alituita sote tuhamie kwake Maskati. Baba alihama siku ile ile, kwa mdomo. Barazani aliwaeleza wenzake barabara za Maskati kana kwamba amezijenga yeye, na kaka yangu naye akaanza kuvaa viatu hadi ndani ya nyumba. Mama hakusema kitu. Alichambua karafuu, akapika, na Baba akadhani hataki kwenda. Alisahau kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kwetu mwanamke anayehama kweli huvigawa vyombo vyake kwa mkono wake, na cha mwisho kutoka ni mbuzi ya kukunia nazi. Nilimwona Mama akitoa vyungu, kawa, upawa, kila kimoja akikishika kidogo kabla ya kukiachia, na mimi, niliyependa ua ule kuliko kitu chochote, nikawa nahesabu vilivyobaki. Mchana mmoja Baba alirudi kutoka msikitini akakuta muhogo wa chumvi mtupu, bila tui la nazi.

"Mbuzi i wapi?" akauliza.

"Nishampa Bi Mize. Si twenda Maskati?"

Baba alibaki na tonge mkononi. Naamini hapo ndipo safari ilipomfikia kwa mara ya kwanza, wakati Mama alikwisha kuililia zamani, peke yake. Akainuka bila kunawa, akaenda kwa Bi Mize, jirani yetu, akarudi na mbuzi begani akipita mbele ya baraza nzima. Wenzake walicheka hadi kofia zikawadondoka. "Mwacha asili ni mtumwa!" akawafokea, nao wakazidi. Jioni ile Mama alikuna nazi huku akiimba, na hakuna aliyehama. Sijawahi kula wali mtamu kama ule.

Leo mbuzi ile iko jikoni kwangu, Chake Chake. Zamani habari za Maskati zilikuja na mgeni. Sasa mume wangu hunionesha picha za huko kwenye simu kila jioni, na ameshachagua hata mtaa. Mimi hucheka, nikamwambia, "Siku utakayonikuta nampa mtu mbuzi, ndipo ukate tiketi." Juzi binti wa jirani alikuja kuiazima. Nilimwambia alete nazi zake, nitamkunia mwenyewe.